Sura ya Sita: Kambi Hujengwa Mchana

Kila nikitaja kulala kwenye hema na watoto wadogo, swali huwa ni lile lile, awe anayeuliza ni mwalimu wa Isevya hapa Tabora, fundi seremala wa Kanyenye au shangazi aliyekuja kutusalimia kutoka Nzega. Mtu mwenye nyumba yake, bati juu na kitanda chini, anawapelekaje watoto wakalale porini? Ukimjibu, linafuata la pili, na hilo ndilo lililokuwa rohoni mwake tangu mwanzo: hawatapata malaria? Hawataumwa na nyoka? Huyo mdogo akiamka saa nane za usiku akalia, utamfanyaje?

La kwanza sina hamu ya kulijadili. Anayetaka kwenda ataenda, asiyetaka abaki na kitanda chake, na wote wawili wako sawa. La pili linastahili sura nzima, kwa sababu majibu yake yapo, na mengi ni ya kienyeji kabisa. Tabora imezungukwa na msitu wa miombo, na katikati ya msitu huo ilipita njia kuu ya misafara kati ya pwani na Ziwa Tanganyika. Watu walilala nje hapa kwa maelfu, mwaka hadi mwaka, na wengine walikuwa na watoto wao.

Jibu langu ni kwamba mtoto mdogo anaweza kulala kwenye hema salama, mradi mambo manne matano yawe yamekwisha kufanywa kabla jua halijazama. Usiku wa kambi huamuliwa mchana. Mengine yote katika sura hii ni maelezo ya hilo.

## Walivyolala waliotutangulia

Mwaka 1857 wapelelezi wa Kiingereza Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh, kama sehemu hii ya Unyanyembe ilivyoitwa wakati huo, walikuwa wametumia zaidi ya miezi minne kutoka pwani. Henry Stanley, mwaka 1871, alitumia kama miezi mitatu kutoka Bagamoyo. Hao ndio walioandika vitabu, basi ndio tunaowakumbuka. Lakini walikuwa wageni katika njia iliyokuwa na wenyewe. Wenyewe ni wapagazi, yaani watu waliobeba mizigo ya biashara kichwani na begani kwa ujira, na mashuhuri kuliko wote walikuwa Wanyamwezi. Kila mmoja alibeba kilo thelathini na kitu: pembe za ndovu kwenda pwani, vitambaa, shanga na nyaya za shaba kurudi bara.

Miezi mitatu ya kulala nje kila usiku haiwezekani bila utaratibu. Utaratibu wao ulianza alfajiri. Kirangozi, yaani kiongozi wa njia, alitangulia, msafara ukamfuata katika mstari mmoja, na kwa siku ya kawaida safari ilikwisha kabla ya adhuhuri. Wakati jua linachoma, wao walikuwa wamekwisha kutua mizigo. Mchana wote uliobaki ulikuwa wa kambi. Wapagazi walijigawa katika vikundi vidogo vya watu wanaokula chungu kimoja, na ndani ya kila kikundi huyu alikwenda majini, yule akakata kuni, wa tatu akasimamisha kibanda cha fito na nyasi. Mahali penye simba au wasiwasi wa vita, kambi nzima ilizungushiwa boma la miiba.

Wanawake walikuwemo. Wapagazi wengi walisafiri na wake zao, waliobeba vyungu, vyakula na watoto mgongoni. Wavulana waliokuwa wakijifunza kazi walipewa mizigo midogo, kwa mfano pembe ndogo, na kutembea na wakubwa. Mmisionari Livingstone, alipokuwa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, mwaka 1872 akisubiri wapagazi, aliandika katika shajara yake sifa za mpishi wake, mwanamke aitwaye Halima, na kusema kwamba wakifika Zanzibar atamnunulia nyumba na bustani. Hakuiona Zanzibar tena. Alifariki mwaka uliofuata, na watumishi wake Chuma, Susi na wenzao wakaubeba mwili wake wakapita nao Tabora hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Ahadi ile ya nyumba inaonyesha thamani ya mtu anayejua kuendesha kambi.

Palikuwa na mahali pamoja ambapo utaratibu huu ulivunjwa kwa makusudi. Mashariki ya Tabora, kati ya Ugogo na Unyanyembe, kulikuwa na nyika ndefu yenye maji ya shida iliyoitwa Mgunda Mkali. Huko hukuweza kutembea asubuhi tu na kukuta kisima. Msafara ulipika na kujaza vibuyu asubuhi, ukaondoka mchana, ukatembea hadi giza, ukalala popote pasipo maji, ukaondoka tena alfajiri kuwahi kisima. Mwendo huo uliitwa terekeza, na kila aliyeutaja aliutaja kwa kulalamika. Wazee wa njia waliukubali kwa sababu ya kiu tu.

Sasa itazame familia ya leo. Jumamosi asubuhi baba ana kikao cha chama cha kuweka na kukopa. Saa nane mama anamaliza kufua. Saa tisa wanakumbuka kiberiti, wanasimama dukani. Saa kumi na moja wanaondoka mjini, saa kumi na mbili wanafika, wanaanza kutafuta pa kuweka hema wakati mbu nao wanaanza kazi yao. Hiyo ni terekeza, isipokuwa wao hawakulazimishwa na kiu. Familia nyingi zinazorudi zikisema hema si la watu wa aina yetu zilisafiri hivyo.

## Kabla hatujaendelea: Kwihara

Tembe lililojengwa upya mahali alipokaa Livingstone, nyumba ya udongo yenye paa la bapa, liko Kwihara, kilomita kama 6 nje ya mji, na leo ni makumbusho. Ni mahali pazuri pa kusimama na watoto njiani kwenda kambini. Mtoto wa miaka saba ataona minyororo na kuuliza ni ya nini.

Mwambie. Njia hii ilibeba pembe na nguo, na ilibeba pia watu waliofungwa shingo, wakiwemo watoto wa rika lake, ambao hawakuja kutembea. Ujiji, Kwihara, Kilimatinde, Mpwapwa, Mamboya na Bagamoyo zimo pamoja kwenye orodha ya maeneo ambayo Tanzania iliyapendekeza kwa UNESCO mwaka 2006 kama njia ya biashara ya watumwa na pembe. Sioni haja ya kumweleza mtoto wa miaka minne zaidi ya sentensi mbili, na sioni vibaya yule wa saba akinyamaza kwa muda ndani ya gari. Ninachokataa ni kupanga wikendi yenye jina la "njia ya misafara" halafu tukasimulia nusu ya misafara. Hili haliondoi akili ya wapagazi huru waliojua kazi yao. Ilikuwa njia moja, na wote walipita humo.

## Wapi? Karibu

Watu wakisikia kambi, akili inakwenda Ugalla. Naelewa, Mto Ugalla una viboko, mamba, simba na ndege wasiohesabika, na tangu 2019 ni hifadhi ya taifa. Una pia mbung'o, wale nzi wakubwa wanaouma kupitia shati. Mwenye watoto wa chini ya miaka mitano, ushauri wangu ni kuiacha kwa sasa.

Kambi ya kwanza iwe mahali ambapo ukishindwa saa tano za usiku, unawatia watoto kwenye gari au bajaji na saa sita mko nyumbani. Kushindwa kwa namna hiyo hakuna aibu. Shamba la ndugu nje ya mji, lenye kisima na mtu anayekufahamu, linashinda hifadhi yoyote. Baada ya hapo, ukizoea, unaweza kuangalia maeneo ya kaskazini karibu na Bwawa la Igombe, au kingo za misitu ya hifadhi. Msitu wa hifadhi unasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Nenda ofisini kwao ukaombe ruhusa siku za kazi, usingoje Jumamosi. Popote utakapokwenda, piga hodi kwa mwenyekiti wa kijiji au kitongoji. Mgeni anayewasha moto porini bila kujulikana huzua maneno, na usiku ukihitaji msaada, ni huyo mwenyekiti atakayeamka.

Kuhusu mabwawa nina neno moja kali. Watoto wasiingie majini, hata vifundoni. Maji yaliyotuama ya kanda hii yanaweza kuwa na kichocho, ugonjwa wa minyoo midogo inayotoka kwa konokono wa majini na kupenya kwenye ngozi bila mtu kuhisi. Na kuhusu mamba, chukulia kwamba yupo mpaka wenyeji wakuhakikishie. Hema likae mbali na ukingo, umbali wa kutosha kiasi kwamba mtoto akichomoka mbio utamkamata kabla hajafika.

Wakati mzuri ni kiangazi, kuanzia mwisho wa Mei. Likizo ya Juni inaangukia hapo vizuri. Mvua za Novemba hadi Aprili ziache zipite. Agosti na Septemba msitu umekauka, moto wa nyika ni wa kuogopwa kwelikweli, ingawa ndipo miombo huanza kutoa majani mapya mekundu na wapiga picha hawaambiliki.

## Saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja

Tuseme mmefika saa nne. Usishushe hema. Shusha mkeka, wape watoto maji na michembe, halafu tembea peke yako kulizunguka eneo huku ukitazama juu, chini na pembeni.

Juu unatafuta vitu viwili. Cha kwanza ni tawi kavu; miti ya miombo huangusha matawi hata siku isiyo na upepo. Cha pili ni mzinga. Tabora ni nchi ya asali, na warina asali hutundika mizinga ya magome na ya magogo kwenye miti ambayo jicho la mjini haliioni haraka. Ukiona mmoja, ujue ipo mingine. Hamia mbali, tena mbali ambapo moshi wa moto wako hautawafikia nyuki.

Chini unatafuta udongo na wadudu. Udongo mweusi wenye nyufa ni wa mbuga: mvua ya ghafla ikinyesha unageuka tope linalonata kama ugali. Tafuta udongo wa kichanga, palipoinuka kidogo. Kichuguu cha zamani kikwepe, maana mashimo yake nyoka huyapenda. Angalia pia mstari wa siafu. Wakiwa wanapita, mpishe mwenye njia.

Pembeni unatazama upepo. Kiangazi upepo wetu zaidi hutoka mashariki, lakini hakikisha mwenyewe kwa kurusha vumbi kidogo. Moto uwe upande unaokwenda upepo, hatua kumi au zaidi kutoka kwenye hema, ili cheche zisirudi kwenu. Fyeka na fagia nyasi zote kuuzunguka hadi ubaki mchanga mtupu. Mimi hupendelea kupika kwa jiko la gesi dogo, na moto wa kuni nauacha uwe wa kuota tu, mdogo, kisha uzimwe kwa maji hadi majivu yakishikwa kwa mkono yawe baridi.

Sasa hema. Lile linaloandikwa la watu wanne, hesabu ni la watu wazima wawili na watoto wawili wembamba. Tandika turubai chini, simamisha, kisha wape watoto dakika kumi za kulichezea, kuingia na kutoka. Baada ya hapo kanuni moja isiyo na mjadala: zipu hufungwa kila mtu anapopita, mchana na usiku. Zipu iliyofungwa tangu saa sita ndiyo kinga yako kubwa dhidi ya nyoka, nge na mbu, kuliko dawa yoyote utakayonunua. Watoto hulishika hili upesi ukimteua mmoja awe mlinzi wa zipu. Utasikia akiwagombeza wakubwa.

Na kila mtu abebe mzigo wake, kama ilivyokuwa njiani zamani. Mtoto wa miaka minne anabeba kikombe chake na tochi yake. Wa saba anabeba kidumu cha lita tatu na ndiye anayejua kiberiti kiko wapi. Mtoto mwenye kazi hazururi.

Choo chimbeni mchana, mbali na maji na mbali na hema, kina cha kutosha kufukia vizuri. Misafara mikubwa iliyotumia kambi zile zile kila msimu iliteswa na kuhara na ndui kuliko ilivyoteswa na simba. Sabuni na dumu la maji vining'inizwe karibu na choo, si kwenye gari.

Kabla ya saa kumi na moja, haya yawe yamekwisha:

- Hema limesimama, matandiko yametandikwa.
- Choo kimechimbwa na kila mtoto amekijaribu.
- Maji ya kunywa yamechemshwa na kupoa.
- Tochi ya kila mtu imewashwa ikawaka.
- Watoto wameogeshwa na kuvaa mikono mirefu.

## Watoto hupotea karibu, si mbali

Hapa nataka kukaa kidogo, maana wazazi huogopa fisi na kusahau hili. Miombo inafanana. Mtoto akienda hatua hamsini kufuata kipepeo, akigeuka anaona vigogo vile vile pande zote, na badala ya kusimama anakimbia, kwa kawaida kuelekea kusiko.

Dawa yake ni filimbi, ile ya refa, ya bei ndogo. Kila mtoto avae yake shingoni kwa uzi unaokatika kirahisi ukinasa kwenye tawi. Afundishwe mambo mawili tu. Ukiona huoni hema, kumbatia mti ulio karibu na usiuache. Kisha puliza mara tatu, pumzika, puliza tena. Fanyeni mazoezi mchana kama mchezo: mmoja anajificha, anakumbatia mti, anapuliza, wengine wanamtafuta. Mtachoka na kelele. Vumilieni. Na anayepuliza kwa utani baada ya mazoezi ajue kuna adhabu, kwa mfano kuosha sufuria.

Nyuki nao wana somo lao. Hatutupi jiwe kwenye mzinga, hatuchezi na moshi karibu nao. Wakishambulia, tunakimbia moja kwa moja tukiwa tumefunika uso kwa nguo, tunaingia kwenye gari au hema na kufunga. Hakuna kusimama na kupunga mikono. Miiba ikwanguliwe haraka.

## Saa moja kasorobo

Tabora iko magharibi ya nchi lakini saa yake ni ile ile ya Dar es Salaam, kwa hiyo jua letu huchelewa kuzama kama dakika 25 nyuma ya la pwani. Mwezi Juni linazama karibu saa moja kasorobo. Wageni kutoka Dar hudanganyika: saa kumi na mbili na nusu kungali kweupe, wanadhani jioni ni ndefu. Haiko hivyo. Likishazama, baada ya dakika ishirini na kitu ni giza la kweli, na msitu hauna taa ya jirani.

Dakika hizo ndizo zinazowatia watoto hofu, basi zipange. Chakula kiliwe saa kumi na mbili, mwanga ukiwepo, ili mtoto aone mwiba wa samaki. Kiwe kimepikwa nyumbani nusu: maharage yaliyochemshwa, mayai, nyama ya kukaanga inayopashwa tu. Usianze kusonga ugali wa watu watano gizani kwa mara ya kwanza. Akiba nzuri kuliko biskuti ni vyakula ambavyo watu wa hapa wametumia miaka mingi kuvukia kiangazi: michembe, ambayo ni viazi vitamu vibichi vilivyokatwa na kuanikwa, na matobolwa, vinavyochemshwa kwanza kisha kuanikwa. Ukiongeza karanga na asali, watoto wameshiba hadi asubuhi. Lakini mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali hata ya kulamba kidole. Inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo la mkubwa huvishinda, na la mtoto mchanga halivishindi. Katika mkoa huu hilo ni gumu kumwambia bibi, lakini mwambie.

Mwanga ukififia, watoto waingie ndani ya hema na mtu mzima mmoja, na zipu ifungwe. Mbu wanaoeneza malaria huuma zaidi usiku, hadi karibu na mapambazuko, kwa hiyo mtoto aliyelala ndani ya hema lililofungwa vizuri yuko sawa na aliyelala chini ya chandarua. Hema lenye tobo lizibwe kwa plasta au mtundike chandarua chenye dawa ndani. Wanaobaki nje kuota moto wapake dawa ya mbu na kuvaa soksi. Mtoto wa chini ya miezi miwili asipakwe dawa hizo. Kwake ni chandarua peke yake.

Mbele yenu kuna baridi ambayo watu hawaitegemei. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka hadi nyuzi 14 au 15, kuna siku chini ya hapo. Baridi ya hema hutoka ardhini. Blanketi moja chini ya mtoto lina faida kuliko mawili juu yake. Tandika mkeka, godoro la sponji, blanketi, kisha mtoto mwenye kofia na soksi.

Na kwa sababu ya baridi hiyo hiyo, mtu atashawishika kuingiza jiko la mkaa ndani. Usithubutu, hata mkaa ukiwa umebaki majivu mekundu. Mkaa unaoungua hutoa gesi iitwayo monoksidi kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Haikoholeshi wala haiamshi. Familia nzima inalala na haiamki. Katika sura hii yote, hilo ndilo jambo ninalolitia mkazo kuliko nyoka.

Kwa ufupi hadi hapa: kuleni kabla ya giza, ingieni kabla ya mbu, tandikeni chini zaidi ya juu, moto ubaki nje.

## Sauti

Mtoto ataamka. Huenda ni kwa sababu ya komba, mnyama mdogo wa usiku mwenye macho makubwa, ambaye kilio chake hufanana mno na cha mtoto mchanga. Asiyeambiwa mapema, hata baba mtu, hukaa kitako. Bundi atalia pia, na kwa bundi kila kabila lina maneno yake. Nashauri mjadala huo uahirishwe hadi asubuhi. Fisi anaweza kusikika kwa mbali. Anavutwa na harufu, kwa hiyo sufuria zioshwe, mifupa ifukiwe mbali, na chakula chote kilale ndani ya gari au ndani ya ndoo yenye mfuniko. Kilichotengwa kwa ajili ya kifungua kinywa kisilale hemani na watoto.

Ninachofanya ni kutaja sauti kabla hazijaja. Wakati wa chakula tunaigiza: komba analia hivi, bundi hivi, jirani akikoroma hivi. Sauti yenye jina mtoto huisikia, hugeuka upande wa pili akalala. Hadithi za sungura na fisi zina raha yake, ila usiku wa kwanza chagua ambazo fisi anashindwa mapema.

Kwenda haja usiku ni jambo dogo linaloharibu kambi nyingi. Mtoto wa chini ya miaka sita asitolewe nje. Beba poti lenye mfuniko, liwekwe kwenye kona ya hema. Mkubwa anayetoka avae viatu, avikung'ute kwanza kwa ajili ya nge, na amulike chini anapokanyaga. Nyoka wengi hukimbia wakihisi kishindo. Kifutu hakimbii, anategemea rangi yake inayofanana na majani makavu, ndiyo maana tochi inamulika chini.

Akiumwa mtu, usichane, usinyonye, usifunge kamba ya kubana. Mlaze, mtulize, funga mguu au mkono kwa kijiti usijongee, na mwende kituo cha afya bila kusubiri dalili. Kabla ya kuondoka mjini uwe umeshajua kituo kilicho karibu na kambi ni kipi na usafiri wa usiku utaupata kwa nani. Kwa walio jirani na mji, kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete.

## Jumapili

Watoto huamka na ndege. Hakuna namna ya kulizuia hilo, kwa hiyo wakubwa walale mapema Jumamosi. Uji uliotiwa kwenye chupa ya chai tangu jana jioni, uliokorogwa mzito kidogo, utakuwa ungali vuguvugu na utakuokoa kuwasha moto huku ukishikwa shati.

Asubuhi hiyo ndiyo saa nzuri ya kutembea. Kama kuna mrina asali kijijini aliye tayari, mwombe awaonyeshe mzinga mtupu na namna gome linavyobanduliwa na kukunjwa. Mlipe kwa muda wake. Kama yupo bibi anayejua matunda ya msituni, ntonga na ntalali, nendeni naye, na mtoto asile tunda ambalo yeye hajalila kwanza. Uyoga, hata msimu wake ukiwa umefika, uacheni kwa wenyeji.

Kuvunja kambi kuanze saa tatu, kabla ya jua kali. Taka zote mrudi nazo. Majivu yashikwe kwa mkono mara ya mwisho. Fukieni choo. Hesabuni vigingi, maana hema lililopungukiwa na kigingi utalikumbuka siku ya upepo. Mkifika nyumbani lianikeni hata kama linaonekana kavu: umande na pumzi za watoto zimo ndani yake, na likifungwa bichi litaota ukungu na kunuka hadi safari nyingine.

Wakati wa kuogesha, kagua kila mtoto nyuma ya masikio, kwapani na kiunoni, ukitafuta kupe. Halafu andika tarehe kwenye kalenda ya ukutani. Malaria haionekani keshoye; mara nyingi huchukua wiki moja au zaidi tangu kuumwa na mbu. Mtoto akipata homa wakati wowote ndani ya wiki nne zinazofuata, mpeleke kituoni siku hiyo hiyo, apimwe kwa kipimo cha haraka cha tone la damu, na mwambie mhudumu kwamba alilala nje na ni lini.